Bega Limepona, Kombe Halijabadilika

Mwaka 2004 Philip McClure, mtaalamu wa fiziotherapia wa Pennsylvania nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ambayo mpaka leo yanawakuna vichwa watu wa fani yake. Walikuwa wamewachukua watu wenye maumivu ya bega ya aina inayojulikana sana: unainua mkono, ukifika usawa wa bega pananasa na kuchoma, ukipita hapo panaachia. Wakawabandika vihisio vya sumakuumeme na kupima jinsi kombe la bega linavyotembea mgongoni, halafu wakawapa mazoezi ya kunyoosha na kuimarisha misuli kwa wiki 6. Wiki zilipokwisha, maumivu yalikuwa yamepungua, nguvu zimeongezeka na kazi za kila siku zimekuwa nafuu. Vihisio vikabandikwa upya. Kombe lilikuwa likitembea kama lilivyotembea siku ya kwanza.

Matokeo hayo yalikuwa magumu kumeza kwa taaluma iliyojijengea hoja moja iliyonyooka: bega linauma kwa sababu kombe linakwenda kombo, lirudishe kwenye mwendo wake, na maumivu yataondoka yenyewe. Hapa maumivu yamepungua, na kombe liko palepale. Basi ni nini kilichomponya mgonjwa?

Tuanze na mfupa wenyewe, maana wengi wetu tunaukumbuka siku unapouma tu. Kombe ni mfupa bapa wa pembetatu unaolalia mbavu za nyuma, takriban kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 7. Mfupa pekee unaolifunga na kiwiliwili ni mtulinga, tena kwa kiungo kidogo kilichopo juu ya bega, ambacho ukipapasa utakikuta kama kifundo. Kwingine kote limening'inizwa na nyama: misuli 17 imejishikiza humo, mingine ikilivuta juu, mingine chini, mingine kuelekea uti wa mgongo, mingine kuelekea kifuani. Na kwenye pembe yake ya nje ndiko kuna kikombe kifupi ambamo kichwa cha mfupa wa mkono huzunguka. Maana yake ni kwamba mkono haufanyi kazi juu ya msingi uliotulia. Ni mvuvi aliyesimama ndani ya ngalawa akirusha wavu: akiukunjua mkono, chombo nacho kinainama chini ya miguu yake, na ustadi wote uko katika kwenda pamoja nacho.

Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston, ndiye aliyeupa mwendo huo wa pamoja jina la mdundo katika kitabu chake cha mwaka 1934. Miaka 10 baadaye, Verne Inman na wenzake wawili wa California waliupima, na kwa mtu mmoja aliye hai walithubutu kupachika pini ndani ya mfupa ili waone unavyozunguka. Wakatoa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa fiziotherapia huikariri: katika nyuzi 180 za kuinua mkono hadi juu ya kichwa, nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 hutoka kwenye kombe. Mbili kwa moja. Vipimo vya baadaye vimeilegeza hesabu hiyo. Mwanzoni mwa kuinua, kombe karibu halisogei, linajiweka sawa tu; katikati linashika kasi; na uwiano wenyewe hubadilika kutoka mtu hadi mtu, na kutegemea uzito wa mzigo na uchovu. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwa wagonjwa, ile "kawaida" ambayo wengine hupimwa nayo si mstari mmoja. Ni njia pana.

Ukitaka kuuona mdundo huo, simama nyuma ya msusi anapokuwa kazini, amevaa blauzi nyepesi. Mikono yake iko juu ya kichwa cha mteja, vidole vinagawa nywele, viwiko vimenyanyuka usawa wa masikio yake mwenyewe. Chini ya kitambaa utaiona pembe ya chini ya kombe imezunguka kuelekea kwapani, sehemu ya juu imeegemea nyuma kidogo, na ukingo wa ndani umelala kwenye mbavu bila kutokeza. Anakaa hivyo dakika nyingi. Anaposhusha mikono kuchukua rasta nyingine, hapo ndipo pa kutazama. Kuinua ni rahisi; kushusha polepole ndiko kunakotaka misuli iachie huku ikizuia, na kombe lenye shida mara nyingi hujifichua wakati huo: linaruka, linachomoza ukingo, au linateremka kwa mikatiko.

Hali hiyo madaktari wanaiita diskinesia ya kombe, na mtu aliyeipa umaarufu ni Ben Kibler, daktari wa michezo wa Lexington, Kentucky. Mwaka 2002 yeye na wenzake waliigawa katika aina: pembe ya chini inayotokeza, ukingo wa ndani unaotokeza wote, kombe linalopanda juu kupita kiasi, na aina ya nne, ambayo ni makombe mawili yanayokwenda sawasawa. Mgawanyo huo ulisambaa haraka mno, pengine kwa sababu hauhitaji mashine, unahitaji macho tu. Lakini tamko la pamoja la wataalamu, Kibler akiwa miongoni mwao, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa na tahadhari ambayo wasomaji wengi waliiruka: diskinesia ya kombe si jeraha wala si ugonjwa wenye jina lake. Ni kasoro ya mwendo ambayo huenda inahusika na maumivu na huenda haihusiki.

Yapo makombe yaliyoharibika kweli, na hayo yasichanganywe na haya mengine. Serato ni msuli mpana unaotoka mbavuni, unapita chini ya kwapa na kushika ukingo wa ndani wa kombe upande wa chini yake. Unalishwa na mshipa mmoja mrefu na mwembamba wa fahamu unaoteremka ubavuni karibu bila kinga. Mshipa huo ukiumia, kwa kuvutwa, kwa kubeba mzigo mzito begani, kwa virusi, au wakati wa upasuaji wa saratani ya matiti unaoondoa tezi za kwapani, serato hulala na kombe hunyanyuka mgongoni hata vidole vinaweza kuingia chini ya ukingo wake. Mwambie mgonjwa asukume ukuta na utaliona wazi. Mshipa mwingine, unaolisha msuli wa trapezi, hupita shingoni juujuu sana, na unaweza kukatwa mtu anapotolewa uvimbe wa tezi hapo. Kuna pia ugonjwa wa kurithi wa misuli ya uso, makombe na mikono, ambao Wafaransa Landouzy na Dejerine waliueleza katika miaka ya 1880. Na kwetu kuna bodaboda. Anayerushwa kutoka kwenye pikipiki akaangukia bega, shingo ikapinda upande wa pili, anaweza kunyofoa au kuchana mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi. Huyo hana la kufanya kwa mkandaji wa mtaani wala kwa mafuta ya kuchua. Anahitaji hospitali, mapema.

Kwa serato iliyolala bila mshipa kukatika, kwa kawaida hutakiwa subira: mshipa hujirudi taratibu, na huweza kuchukua miezi mingi, hata kufikia 24. Fiziotherapia wakati huo haiushurutishi mshipa. Inazuia kiungo kisikakamae na kumfundisha mgonjwa kufanya kazi zake bila kuinyanyasa misuli inayoshika zamu.

Wagonjwa hao wa mishipa ni wachache. Wengi wanaoingia kliniki na bega linalouma hawana mshipa uliokatika wala ugonjwa wa kurithi. Wana bega linalouma na kombe ambalo mtu kaliona likitokeza.

Jaribu nyumbani, haina gharama. McClure huyohuyo na wenzake walichapisha mwaka 2009 namna ya kulipima kombe kwa macho: mgonjwa anashika uzito mkononi, kilo 1.4 kwa mwenye uzito wa chini ya kilo 68 na kilo 2.3 kwa aliyezidi hapo, anainua mikono mbele mara 5 na kando mara 5, taratibu, huku mpimaji akitazama kutoka nyuma. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha kwa wengi wetu. Pima watu wote wa nyumbani, wanaoumwa na wasioumwa. Nina hakika utakuta kombe linaloruka kwa mtu ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja.

Utafiti umekuta vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti za wanamichezo ulikuta diskinesia kwa asilimia 61 ya wale wa michezo ya kurusha na kupiga mkono ukiwa juu, yaani voliboli, tenisi, besiboli na kuogelea, na asilimia 33 kwa wa michezo mingine. Sita katika kumi! Ukiwakusanya wachezaji wa Malkia Strikers, timu ya Kenya iliyocheza Olimpiki za Tokyo na Paris, au timu yoyote ya voliboli ya wanawake duniani, ungetegemea kukuta zaidi ya nusu wana kombe "baya", nao wanapiga mpira kwa nguvu zao zote. Hapo mtu anapaswa kujiuliza kama ni ubaya au ni mazoea ya mkono unaofanya kazi moja mara elfu.

Hata hivyo si haki kusema kombe halina neno. Mwaka 2018 Daniel Hickey na wenzake walijumlisha tafiti 5 zilizowafuatilia wanamichezo 419 ambao mwanzoni hawakuwa na maumivu. Waliokuwa na diskinesia walikuwa na hatari ya kuja kuumwa bega iliyozidi kwa asilimia 43. Namba hiyo ikasafiri. Ukiifungua ndani unakuta hivi: waliokuwa na diskinesia walioumwa baadaye walikuwa asilimia 35, wasiokuwa nayo, asilimia 25. Tofauti ipo, na kocha mwenye busara ataiangalia. Lakini maana yake pia ni kwamba karibu wawili kwa kila watatu wenye kombe "baya" hawakuumwa, na robo ya wenye kombe "zuri" waliumwa. Kwa kipimo kama hicho humwambii mtu kesho yake.

Mkanganyiko unazidi kwa sababu maumivu yenyewe hubadili mwendo. Mdunge mtu mzima asiye na tatizo maji ya chumvi kali begani, bega lake likiuma, misuli yake hubadili mpango wa kazi papo hapo. Kwa hiyo daktari anayelikuta kombe linaenda ovyo kwa mgonjwa anayeumwa hajui kama ameona chanzo au ameona moshi wa moto uliokwisha kuwaka.

Swali la ustadi wa mwendo, yaani kama kuna njia moja sahihi ya kusogea, ndilo linalonivutia zaidi, na jibu lake la zamani halikutoka hospitalini. Katika miaka ya 1920, huko Moscow, Nikolai Bernstein alikuwa akichunguza wafanyakazi katika Taasisi Kuu ya Kazi. Serikali changa ya Kisovieti ilitaka kujua namna bora ya kupiga nyundo ili iwafundishe wote. Bernstein aliwafunga mafundi stadi balbu ndogo kwenye viungo vya mkono, akawapiga picha mfululizo wakigonga patasi. Alitarajia kuona njia moja safi inayojirudia. Nyundo ilifika palepale kila mara, ila bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilipita njia tofauti kidogo kwa kila pigo. Fundi hakuwa anarudia mwendo. Alikuwa anarudia kutatua tatizo lilelile, na viungo vyake vilisaidiana: kimoja kikizidi, kingine kinapunguza.

Ukilikubali hilo, wazo la kumfundisha kila mtu kombe lipite njia moja iliyochorwa kitabuni linaanza kuyumba. Hakuna njia moja. Kuna kazi ya mkono, na mwili wenye viungo vingi unaotafuta namna ya kuifanya. Tena mtu hajifunzi kwa kuhesabu misuli yake. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube huko Kenya. Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, aliutupa mkuki wa gramu 800 mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Unapoiga mtupo wa namna hiyo hufikirii trapezi ya chini. Unatazama mkuki unapokwenda.

Gabriele Wulf wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ametumia miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 akionyesha jambo hilohilo kwa majaribio: mtu anayeelekeza akili kwenye matokeo ya mwendo nje ya mwili hujifunza vizuri na hukumbuka zaidi kuliko anayeelekeza akili kwenye kiungo chenyewe. Nenda kwenye kliniki nyingi uone kinachosemwa: "Rudisha kombe nyuma, lishushe, lishikilie hapo, sasa inua mkono." Mgonjwa anakaza shingo, anabana pumzi, anainua mkono kama roboti. Kombe lililoshikiliwa chini na nyuma haliwezi kuzunguka kwenda juu inavyotakiwa, kwa hiyo agizo lenyewe linapingana na kazi. Mwaka 2016 Kevin McQuade na wenzake waliandika wazi katika jarida la fiziotherapia kwamba dhana ya "kuliimarisha kombe litulie" haina mguu wa kusimamia, maana kombe halikuumbwa litulie. Naona walikuwa sahihi, na naona kliniki zimekuwa nzito kusikia.

Mtaalamu mwenye uzoefu husema tofauti. "Dada, usiufikirie mfupa. Sukuma ukuta uende mbali nawe." Au kwa mzee: "Baba, kiweke hiki kikombe juu ya kabati, halafu kirudishe bila kukigongesha." Mwanzoni mgonjwa anahitaji kuelekezwa na kuguswa, hiyo ndiyo hatua ya kwanza kati ya 3 ambazo Paul Fitts na Michael Posner walizieleza mwaka 1967, ambapo kila kitu kinafikiriwa na makosa ni mengi. Baadaye maelekezo yapunguzwe makusudi. Utafiti wa kujifunza mwendo umeonyesha kwamba anayesahihishwa kila mara hufanya vizuri mbele ya mwalimu na kusahau akifika nyumbani.

Kuna pia kipimo kidogo cha mkono ambacho wagonjwa hukipenda. Mtaalamu anasimama nyuma, anaweka kiganja kwenye pembe ya chini ya kombe na kulisaidia kuzunguka huku mgonjwa akiinua mkono. Maumivu yakipungua palepale, mgonjwa anageuka na kusema, "Daktari, hapo!" Wengine huchukulia kwamba hilo limethibitisha kosa la kombe. Mimi nadhani limethibitisha jambo dogo zaidi na lenye faida zaidi: kwamba bega hilo linaweza kubadilika leo, na kwamba kuna pa kuanzia.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Ann Cools na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walipima mwaka 2007 umeme wa misuli katika mazoezi 12 wakitafuta yale yanayoiamsha sehemu ya chini ya trapezi bila kuipandisha sana ile ya juu, inayochoka na kukaza shingo. Wakabakiwa na machache, na karibu yote unafanya umelala: ubavu, ukigeuza mkono kuelekea nje huku kiwiko kimekaa kiunoni, ubavu, ukiinua mkono mbele, kifudifudi, ukivuta mkono nyuma au kuufungua kando dole gumba likiangalia juu. Kwa serato kuna pushapu zinazomalizika kwa kusukuma zaidi kidogo pale mikono inapokuwa imenyooka, na asiyeziweza sakafuni azifanye ukutani. Mpira wa mazoezi unaouzwa madukani ni mzuri, lakini kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa urefu na kufungwa kwenye nondo ya dirisha kinavuta vilevile. Kiangalie kingo zake kila siku. Kikianza kuchanika kitakurukia usoni.

Sasa matokeo. Huko Southampton, Uingereza, Peter Worsley na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba vijana wenye bega linalouma waliofundishwa upya kuendesha kombe kwa wiki 10 walipungukiwa na maumivu, na safari hii mwendo wa kombe nao ulibadilika. Kwa hiyo kombe linaweza kufundishwa. Lakini kundi lilikuwa dogo, na hawakulinganishwa na wagonjwa wengine waliopewa mazoezi ya kawaida. Tafiti zilizolinganisha namna hiyo zikijumlishwa, mazoezi yanayolenga kombe hutangulia kidogo wiki za mwanzo, kisha mengine huyafikia. Matokeo ya McClure ya 2004 hayaonekani tena kuwa kioja.

Na upasuaji? Jaribio la CSAW, lililochapishwa kwenye The Lancet mwaka 2018, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 313 wa hospitali 32 za Uingereza: wengine wakachongwa mfupa unaodhaniwa kubana kano, wengine wakaingizwa kamera tu bila kuchongwa chochote, wengine hawakufanyiwa kitu. Waliochongwa na walioingizwa kamera tu walikuwa sawa. Tofauti yao na wale ambao hawakuguswa ilikuwa ndogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa.

Jaribio ambalo ningependa libandikwe ukutani katika kila idara ya fiziotherapia kwetu ni GRASP, la mwaka 2021. Watu 708 wenye matatizo ya misuli midogo inayolizunguka bega waligawanywa Uingereza: baadhi wapate hadi vikao 6 vya mazoezi yanayopandishwa uzito hatua kwa hatua kwa wiki 16, wengine kikao kimoja tu cha ushauri mzuri pamoja na mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani. Nusu ya kila kundi walidungwa pia sindano ya stiroidi. Baada ya miezi 12 vikao 6 havikuzidi kikao kimoja. Sindano ilisaidia kidogo wiki za mwanzo, kisha faida yake ikaisha.

Hawa hawakuchaguliwa kwa sababu ya makombe yao, kwa hiyo mtu asiseme GRASP imefunga mjadala wa kombe. Lakini fikiria maana yake kwa mama wa Tunduru au wa Turkana. Vyuo kama KCMC Moshi na KMTC Nairobi vinatoa wataalamu wazuri, ila wengi hubaki mijini. Kumwambia mama huyo aje mara mbili kwa wiki kwa mwezi mzima ni kumwambia achague kati ya bega na nauli. Atakuja mara ya kwanza, pengine ya pili, kisha atapotea, na faili litaandikwa kwamba hakufuata matibabu. Kikao kimoja kirefu, kilichopangwa vizuri, chenye mazoezi mawili au matatu ambayo ameyafanya mbele ya mtaalamu mpaka yakakaa, na namba ya simu ya kuuliza akikwama, si huduma ya maskini. Kwa ushahidi uliopo, anaondoka na kinachokaribiana sana na alichopata Mwingereza wa vikao 6.

Kikao hicho kimoja kinabebwa na maneno zaidi ya mikono. Rachel Chester na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 1,030 wa fiziotherapia ya bega nchini Uingereza, wakachapisha mwaka 2018: aliyetegemea kupona, na aliyejiamini kwamba anaweza kufanya shughuli zake ingawa bega linauma, ndiye aliyeelekea kupona vizuri. Sasa mchukue msusi wetu akaambiwa, "Kombe lako limetoka mahali pake." Atarudi nyumbani amebeba picha ya mfupa uliochomoka. Ataacha kubeba ndoo upande huo, ataacha kufagia, atalala upande mmoja, na misuli ambayo ingelisaidia bega itaendelea kunyauka. Angeambiwa kwamba kombe lake halijatoka popote, kwamba misuli imechoka na kano zimelemewa kuliko zilivyozoea, na kwamba zikizoeshwa kidogo kidogo zitabeba tena, asingepata dawa tofauti, ila angeitumia tofauti.

Kazi yake ibadilishwe kabla ya kombe lake. Kiti cha mteja kikishushwa, viwiko vya msusi vinashuka navyo. Akigawa kichwa ili sehemu za juu asizisuke mfululizo, misuli inapumua. Wiki za mwanzo apunguze saa za mikono juu, asiziondoe zote. Kisha azirudishe kwa ngazi, maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake asubuhi yakiwa si ya kuogopa.

Maendeleo yake yapimwe kwa kitu anachokijua. Mkanada Paul Stratford na wenzake walitengeneza mwaka 1995 karatasi fupi sana: mgonjwa anataja kazi chache zinazomshinda na kuipa kila moja alama, kuanzia 0, siwezi kabisa, hadi 10, kama zamani. Msusi ataandika kusuka rasta kichwa kizima, kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kufunga sidiria kwa nyuma, kumbeba mtoto mkono wa kulia. Wastani wa alama ukipanda kwa 2 au zaidi, mabadiliko huchukuliwa kuwa ya kweli na si nafuu ya siku hiyo. Asipofika hapo baada ya miezi 3 ya mazoezi aliyoyafanya kwelikweli, arudishwe kwa daktari achunguzwe upya shingo, mishipa ya fahamu na kano, badala ya kuongezewa seti nyingine tatu za yaleyale.